Maswali Yenu Kuhusu Leza ya Macho: Je, Naweza Kuacha Miwani?

Mwezi huu tunajibu maswali kuhusu upasuaji wa macho kwa leza, ule unaosemwa kuwa humwondolea mtu miwani. Maswali haya yameongezeka sana siku hizi. Vijana wanaona matangazo kwenye simu, na ndugu walioko Nairobi au Ulaya wanasimulia habari za jirani aliyeingia hospitali na miwani akatoka bila miwani. Basi mzee ambaye macho yake yanafifia anauliza kama auze minazi yake akapigwe leza. Mzazi naye anauliza kama amsubirishe mtoto mpaka leza ipatikane, badala ya kumnunulia miwani sasa.

Kuuliza si ujinga. Lakini neno hili moja, leza, limebeba mambo mengi yasiyofanana, na kuyachanganya kunaweza kuigharimu familia pesa na hata macho. Kwa hiyo tushike jambo moja tangu mwanzo: leza ya kuondoa miwani hurekebisha umbo la kioo cha mbele cha jicho tu. Haiponyi ugonjwa wa macho. Kabla ya kuuliza "leza ni shilingi ngapi?", tuulize kwanza "kwa nini sioni vizuri?"

1. Leza hiyo inafanya nini ndani ya jicho?

Ili kuelewa, tukumbuke jinsi jicho linavyoona. Mwanga huingia kwa kupitia konea, yaani kile kioo cha mbele kilichobinuka kama kioo cha saa ya mkononi. Halafu hupita katika tundu la mboni, kisha katika lenzi iliyo ndani, na mwisho hufika kwenye retina, utando ulio nyuma kabisa. Retina hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Kazi ya konea na lenzi ni kuukusanya mwanga ili picha iangukie barabara juu ya retina.

Jicho likiwa refu kupita kiasi, picha huangukia mbele ya retina. Mtu wa namna hii husoma kitabu bila shida, lakini hasomi kibao cha basi mpaka basi limfikie. Jicho likiwa fupi mno, picha hutaka kuangukia nyuma ya retina, na mtu huchoka macho hasa kwa kazi za karibu. Na konea ikiwa haikuviringana sawasawa, herufi huonekana zina kivuli au zimepinda. Makosa haya matatu ni makosa ya vipimo, kama nguo iliyoshonwa kubwa au ndogo kuliko mwili wa mwenyewe.

Miwani hurekebisha kosa hilo nje ya jicho. Leza hulirekebisha kwenye konea yenyewe kwa kuichonga kidogo sana, ili iwe bapa zaidi au ibinuke zaidi, kufuatana na kosa lilivyo. Konea katikati ina unene wa kama nusu milimita tu, sawa na karatasi tano au sita za daftari zikiwekwa pamoja. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kubahatisha.

Elimu hii ina historia ya kupendeza. Mwaka 1981 wataalamu watatu wa kampuni ya IBM huko Marekani, Rangaswamy Srinivasan, James Wynne na Samuel Blum, waliijaribu leza ya mwanga usioonekana kwa macho juu ya mabaki ya bata mzinga wa sikukuu. Waliona inachonga safi bila kuunguza sehemu za kando. Baadaye madaktari wa macho waliitumia kwa konea. Marekani iliruhusu matibabu haya mwaka 1995. Tangu hapo yameenea duniani, na kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, watu wamekuwa wakiyafuata Nairobi, na wengine India.

2. Je, operesheni inauma? Inachukua muda gani?

Mgonjwa halazwi usingizi. Jicho hutiwa matone ya ganzi, na kope hushikwa na kifaa ili zisifumbe. Leza yenyewe kwa kawaida hufanya kazi chini ya dakika moja kwa kila jicho, na shughuli nzima humalizika katika nusu saa hivi. Mgonjwa huona mwanga, husikia mlio wa mashine, na huhisi kugandamizwa kidogo.

Kuna njia kubwa tatu. Katika njia ya kwanza, daktari hukata utando mwembamba juu ya konea, huufunua kama ukurasa wa kitabu, huchonga chini yake kwa leza, kisha huurudisha mahali pake bila kushona. Watu wengi wa njia hii huona vizuri kesho yake. Katika njia ya pili, utando haukatwi. Ngozi nyembamba ya juu ya konea huondolewa, leza huchonga, na ngozi huachwa iote tena. Njia hii inauma kwa siku mbili tatu za mwanzo, na kuona vizuri huja polepole kwa wiki kadhaa. Katika njia ya tatu, iliyo mpya zaidi, leza hukata kipande chembamba ndani ya konea, na daktari hukitoa kwa kitundu kidogo. Uchaguzi hutegemea konea ya mtu na kazi anayoifanya, na kuhusu kazi tutasema zaidi hapa chini.

3. Ni nani anayefaa, na ni nani asiyefaa?

Anayefaa ni mtu mzima ambaye vipimo vyake vya miwani havijabadilika kwa muda usiopungua mwaka mmoja, mwenye konea nene ya kutosha, na ambaye macho yake hayana ugonjwa mwingine. Chini ya miaka 18 hafanyiwi, na madaktari wengi hupendelea kungoja mpaka miaka 21, kwa sababu jicho la kijana bado linakua.

Wafuatao wasiharakishe, na baadhi yao wasifanye kabisa:

– Mama mjamzito au anayenyonyesha, kwa sababu vipimo vya macho hubadilika wakati huo.

– Mwenye kisukari kisichotulia, kwa kuwa sukari ikipanda na kushuka, namba ya miwani nayo hupanda na kushuka.

– Mwenye ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, kama baridi yabisi kali, kwa maana kidonda cha konea hakiponi vizuri.

– Mwenye macho makavu sana, au mwenye presha ya macho.

– Mwenye namba kubwa mno ya miwani, ambaye angehitaji kuchongwa kuliko konea yake inavyoweza kustahimili.

– Mwenye konea iliyochongoka.

Hilo la mwisho nataka nilieleze, kwa sababu tunaliona kwa vijana wetu. Watoto wengi hapa kwetu wana mzio wa macho: macho huwasha, huwa ya rangi ya udongo, na mtoto huyasugua mchana kutwa. Kusugua kwa miaka mingi kunaweza kuchangia konea kulegea na kuchongoka mbele kama ncha ya yai. Kijana huyo hubadilisha miwani mara kwa mara na haridhiki na yoyote. Ndiye anayeitamani leza kuliko wote, na ndiye ambaye leza inaweza kumharibia zaidi, maana konea iliyo dhaifu ikipunguzwa hulegea zaidi. Ni lazima umbo na unene wa konea upimwe kwa mashine maalumu kabla ya kukubali kufanyiwa. Kituo kinachotaka kukupiga leza bila kipimo hicho, kikimbie. Na mzazi, mtoto akisugua macho kila siku, mlete atibiwe mzio. Usiseme atakua aache.

4. Mwanangu ana miaka 12 na haoni ubaoni. Je, nimwekee akiba ya leza?

Mnunulie miwani mwezi huu. Mtoto asiyeona ubao hupoteza masomo ya kila siku, na akiba ya leza haitamrudishia darasa la sita. Dalili zake ni hizi: hukunja macho akitazama mbali, husogea karibu na televisheni, hunakili kwa jirani yake, na pengine huitwa mvivu bila haki.

Wazazi wengi wanaogopa kwamba miwani itamzoesha mtoto macho mabovu. Si kweli. Jicho linalorefuka hurefuka kwa sababu za urithi na ukuaji, na miwani yenye vipimo sahihi hailiharibu. Kitu kinachosaidia kupunguza hatari ya kuanza kwa tatizo hili ni mtoto kucheza nje kwenye mwanga wa mchana kila siku, badala ya kuinamia simu chumbani.

Lakini kununua peke yake hakutoshi. Katika uchunguzi wa wanafunzi wa sekondari mjini Dar es Salaam, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, baadhi ya wanafunzi walipewa miwani bure, na wengine walipewa karatasi ya vipimo wakanunue. Baada ya miezi mitatu, kati ya kila 100 waliopewa bure, 47 tu ndio walioivaa au kuwa nayo shuleni. Kwa waliopewa karatasi, walikuwa 26. Tujifunze mambo mawili: karatasi ya vipimo ikikaa kabatini haisaidii, na miwani ikikaa begini haisaidii pia. Watoto hucheka wenzao wenye miwani. Mwalimu na mzazi wakemee jambo hilo, na mtoto aruhusiwe kuchagua fremu anayoipenda.

5. Mimi nina miaka 48. Siwezi tena kutia uzi kwenye sindano. Je, leza itanisaidia?

Mama yangu, shida yako haiko kwenye konea. Iko kwenye lenzi ya ndani. Ujanani lenzi ni laini, hujikunja ili tuone karibu. Kuanzia miaka 40 hivi hukakamaa, na mtu huanza kusogeza kitabu mbali mpaka mkono unamwishia. Hali hii humpata karibu kila mtu. Uchunguzi uliofanywa vijijini Kongwa, mkoa wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta watu kama 6 kati ya 10 wenye miaka 40 na zaidi wana tatizo hili.

Leza ya kawaida ya kuondoa miwani hailainishi lenzi. Wapo madaktari wanaolirekebisha jicho moja kwa ajili ya mbali na jingine kwa ajili ya karibu, lakini si kila mtu anayezoea. Dawa yako ni miwani ya kusomea, ambayo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na leza. Ila usiinunue sokoni kabla macho hayajachunguzwa. Nitaeleza sababu katika swali la tisa.

Hapa pana onyo kwa wale wenye miaka 40 na kitu wanaovaa miwani ya kuonea mbali. Wengi wenu mkiivua mnasoma vizuri kabisa. Mkipigwa leza mkaona mbali, mtaupoteza uwezo huo wa kusoma bila miwani. Mtakuwa mmeiuza miwani moja na kununua nyingine.

6. Babu ana mtoto wa jicho. Je, leza itamtoa?

Hapana. Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani iliyogeuka kuwa na ukungu. Matibabu yake ni operesheni ya kuitoa lenzi hiyo na kuweka lenzi ya bandia mahali pake. Katika baadhi ya nchi mashine za leza hutumika kusaidia sehemu ya operesheni hiyo, lakini si lazima, na operesheni ya kawaida hutoa matokeo mazuri. Usimfiche babu nyumbani akingoja leza. Mpeleke kliniki ya macho, kwa mfano katika Hospitali ya Bombo hapa Tanga, apimwe na kupangiwa. Ziko pia hospitali kubwa za KCMC huko Moshi na CCBRT huko Dar es Salaam.

Baada ya miezi au miaka, baadhi ya waliofanyiwa operesheni hiyo huona ukungu tena, na familia husema "mtoto wa jicho amerudi". Hajarudi. Ni kifuko kilichoshika lenzi ya bandia ambacho kimeingia ukungu. Hapo ndipo leza ya aina nyingine hutumika kutoboa tundu katika kifuko hicho, kwa dakika chache na bila kisu.

7. Madhara yake ni yapi?

Watu wengi waliochaguliwa vizuri huridhika. Lakini ni operesheni, na kila operesheni ina madhara yake.

La kawaida ni macho kukauka. Mishipa midogo ya fahamu ya konea hukatwa, na kwa miezi kadhaa jicho halilengwi machozi vizuri. Kwa wengi hupungua katika mwaka wa kwanza, lakini kwa wachache hubaki. La pili ni kuona miviringo na mng'ao kuzunguka taa usiku. Dereva anayekutana na malori ya usiku katika barabara ya Segera afikirie jambo hili sana. La tatu ni kupunguziwa kidogo au kuzidishiwa, hata mtu akahitaji miwani bado au kurudia. Yaliyo nadra lakini mabaya ni konea kuingia wadudu, na konea kulegea na kuchongoka baada ya kuchongwa.

Kumbukeni kwamba miwani isiyofaa huvuliwa. Konea iliyochongwa hairudishwi.

Pia leza haimtoi mtu katika hatari zote za jicho refu. Konea hubadilika, lakini jicho kwa ndani hubaki refu vilevile, na retina ya jicho refu huchanika kwa urahisi zaidi. Ukiona ghafla nzi wengi weusi wanaelea mbele ya jicho, mwako kama wa radi, au pazia linashuka upande mmoja, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ulipigwa leza miaka kumi iliyopita.

8. Mimi ni mvuvi. Je, kazi yangu ina neno?

Ina neno kubwa. Ule utando unaokatwa katika njia ya kwanza hushikamana tena, lakini haurudii nguvu yake ya asili. Ukipigwa jichoni kwa nguvu, unaweza kusogea hata baada ya miaka. Kwa hiyo mvuvi anayepigwa na kamba ya tanga, mkata mkonge anayefanya kazi katikati ya majani yenye ncha ya mwiba, askari na mcheza ngumi, wote wamweleze daktari kazi yao. Kwao njia isiyokata utando ndiyo huzungumziwa kwanza.

Wiki za mwanzo zina masharti. Usisugue jicho. Usiogelee baharini wala kwenye bwawa mpaka daktari akuruhusu. Jiepushe na vumbi, moshi wa jikoni na unga wa chokaa au saruji. Tumia matone kama ulivyoelekezwa, na urudi kupimwa siku ulizopangiwa. Mtu akifanyiwa Nairobi halafu akapanda basi kurudi Pangani asubuhi yake, nani atamwangalia jicho likibadilika? Gharama ya leza peke yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi zetu. Ongeza nauli, malazi ya mgonjwa na mtu wa kumsindikiza, matone, na safari za kurudi kupimwa. Kama pesa zote zinaishia siku ya operesheni, basi hazijatosha.

9. Nasikia kuna leza ya presha ya macho. Ndiyo hiyohiyo?

Siyo hiyo, na nimeliacha swali hili karibu na mwisho ili tulipe nafasi yake, maana kwa familia nyingi leza hii ni ya muhimu kuliko ile ya kuondoa miwani.

Presha ya macho, au glakoma, ni ugonjwa ambao huua polepole mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi kwa sababu maji ya ndani ya jicho hayatoki vizuri na shinikizo linapanda. Glakoma iliyo ya kawaida kwetu haiumi. Haifanyi jicho kuwa jekundu. Huanza kula pembeni mwa uoni, na mtu anaendelea kusoma na kutambua watu mpaka amebaki anaona kama kwa tundu la bomba. Kilichopotea hakirudi kwa miwani, kwa dawa, kwa operesheni wala kwa leza yoyote. Tunachoweza ni kukilinda kilichobaki.

Kwa miaka mingi tiba ya kuanzia imekuwa matone ya kila siku, maisha yote. Mnajua wenyewe jinsi ilivyo: chupa inakwisha, duka la dawa liko mbali, pesa hakuna, na jicho haliumi, basi mtu anaacha. Madaktari wa KCMC, Moshi, pamoja na wenzao wa nje, walifanya uchunguzi wa kulinganisha matone ya timololi na aina ya leza inayosaidia maji ya jicho kutoka vizuri. Walishiriki wagonjwa 201, na matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, leza ilikuwa imefanikiwa katika macho 61 kati ya kila 100, na matone katika macho 31 kati ya kila 100. Na walikuwa wagonjwa wa kwetu huku kaskazini, wengi wao wakiwa wamechelewa kufika.

Leza hii haimalizi ugonjwa. Nguvu yake inaweza kupungua na ikahitaji kurudiwa, na mgonjwa lazima aendelee kupimwa. Lakini inaonyesha kwamba swali la "leza" kwa mzee wetu huenda likawa na jibu jema, mradi tuwe tumejua kwanza ugonjwa wake.

Ndiyo sababu nilisema usinunue miwani sokoni kabla ya kuchunguzwa. Mtu wa miaka 50 akipata miwani ya kusomea na akasoma, husema macho yangu mazima, na glakoma inaendelea kumla kimyakimya. Mwenye miaka 40 na zaidi apimwe shinikizo na mshipa wa jicho. Mwenye baba, mama, kaka au dada mwenye glakoma asingoje hata umri huo, maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Ukiambiwa unao, waambie ndugu zako wote wa damu.

Wenye kisukari nao wapimwe retina kila mwaka hata kama wanaona vizuri. Kwao pia kuna leza ya kuzuia mishipa ya damu ya retina isivuje na kuharibu uoni. Ndugu zetu wa mabonde ya Usambara, ambako ugonjwa wa usubi umejulikana kwa miaka mingi, wajue kwamba macho yaliyoharibiwa na ugonjwa huo hayasaidiwi na leza ya miwani. Kinga yake ni kumeza dawa inapogawiwa kijijini na kutoruka mwaka.

10. Je, yapo matone au dawa za miti zinazoondoa miwani?

Hakuna tone linalofupisha jicho refu. Wanaouza dawa hizo barazani na kwenye simu wanauza maneno. Maji ya majani, asali, maziwa ya mama na mkojo vikitiwa jichoni huweza kuleta kidonda cha konea na upofu. Jihadharini pia na matone yenye dawa aina ya steroidi yanayonunuliwa bila cheti kwa ajili ya macho kuwasha. Yanatuliza haraka, lakini yakitumika muda mrefu bila daktari huleta presha ya macho na mtoto wa jicho, hata kwa watoto wadogo.

11. Nimeshaamua. Nifanye nini kabla ya kulipa?

Kwanza, pimwa macho yote mawili na daktari wa macho ambaye hakuuzii leza. Pili, chukua vipimo vyako vya mwaka jana na vya mwaka huu, uone kama vimetulia. Kama unavaa lenzi za kubandika machoni, ziache kwa muda utakaoambiwa kabla ya vipimo, maana hubadili umbo la konea. Tatu, kiulize kituo maswali haya:

– Konea yangu ina unene gani, na umbo lake likoje?

– Ni njia gani mnanishauri, na kwa nini?

– Atakayenifanyia ni nani, na baada ya hapo atakayenipima ni nani?

– Nikihitaji kurudiwa, nitalipa tena?

– Nikiendelea na miwani yangu, nitapoteza nini?

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa. Kwa watu wengi jibu la kweli ni kwamba hawatapoteza kitu.

Nne, tunza karatasi zote za vipimo vya kabla na baada ya operesheni, kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa. Ukizeeka ukapata mtoto wa jicho, daktari atapima konea ili kuchagua lenzi ya bandia, na konea iliyochongwa hudanganya vipimo hivyo. Mwambie kwamba uliwahi kupigwa leza.

Mambo ya kukumbuka

Leza ya kuondoa miwani ni kwa mtu mzima mwenye macho yasiyo na ugonjwa na vipimo vilivyotulia. Mtoto anahitaji miwani sasa. Mtu wa makamo anahitaji miwani ya kusomea baada ya kuchunguzwa. Mzee mwenye mtoto wa jicho anahitaji operesheni ya lenzi. Na kila mwenye miaka 40 na zaidi anahitaji kupimwa glakoma, maana usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa jicho hili haujengeki.

Kwa mazungumzo nyumbani

1. Katika ukoo wetu, ni nani aliyepofuka au aliyeambiwa ana presha ya macho? Wanawe na ndugu zake wamepimwa?

2. Je, kuna mtoto katika nyumba yetu anayekunja macho, anayesugua macho, au aliye na miwani asiyoivaa? Sababu ni nini?

3. Kama tungekuwa na pesa ya leza leo, ni jicho la nani katika familia lingehitaji kutangulia kupimwa?